Mafuta Yaliyokubali Spiriti

Mkono wa mashine ya dada yangu uliwahi kukaa ofisi ya kijiji, umeegemezwa ukutani nyuma ya kiti cha mwenyekiti, kama jembe la marehemu. Ulikuwa bomba la chuma refu kuliko mtu. Bila huo, mashine ya kukamulia alizeti ni kasha la chuma tu lililofungwa kwa bolti kwenye gogo. Huwezi hata kuponda punje moja. Mwenyekiti hakuwa na kufuli la kuifungia mashine nyumbani kwa mtu, kwa hiyo alichukua mkono, akasema ukae kwake mpaka neno la mafuta liishe.

Hapo ni Iguguno, tulipokuwa bado Wilaya ya Iramba, miaka ile ya ruksa. Zamani alizeti yetu ilinunuliwa na ushirika peke yake, ikaondoka kwenye magunia na hatukuyaona mafuta yake tena. Ilipokuja ruksa, kila mwenye nguvu za mikono aliweza kukamua na kuuza. Dada yangu alikuwa mwanamke wa kwanza upande wetu wa barabara kuwa na mashine ya mkono. Shemeji yangu alifanya kazi ya reli Manyoni, akija nyumbani kwa nadra. Dada aliishi na mama mkwe wake, kikongwe ambaye mtaa mzima ulimwita bibi.

Wengi walikuja kukamua baadaye, lakini madereva wa malori waliendelea kusimama kwake. Sababu yake naijua, kwa kuwa nilimwona akifanya kazi. Adui yake alikuwa maji. Chupa aliziosha kwa majivu, akazisuuza, akazitundika kichwa chini kwenye vigingi juani mpaka mdomo wa chupa uwe wa moto. Mafuta aliyaacha yatulie kwenye madumu mpaka mashapo yote yashuke. Alisema tone moja la maji likibaki ndani ya chupa litakwenda kukaa chini, na siku mnunuzi atakapomimina ya mwisho kwenye kikaango, mafuta yatalia na kumrukia usoni. "Na hatayalaani mafuta," alisema. "Atanilaani mimi." Mafuta ya dada hayakulia. Wauzaji wengine walipotaka kusifia ya kwao walisema, "Haya yametulia kama ya yule mama."

Bibi naye alikuwa na mafuta yake, ya nyonyo, ile ambayo wengine huiita mbarika. Alizikaanga mbegu, akazitwanga, akazichemsha kwenye chungu cha maji tangu asubuhi. Mafuta yalipopanda juu aliyaengua kwa kata, akayachemsha tena peke yake ili kuyakausha. Kwa mafuta hayo alilainisha ngozi na mishipi, na aliwapaka watoto wachanga wa mtaa mzima. Alikuwa na fahari nayo. Yale ya mashine hakuwahi kuyaita mafuta. Aliyaita alizeti, basi. "Mkwe wangu anauza alizeti," aliwaambia wageni, kama mtu anayesema mkwe wake anauza kuni.

Neno la mafuta lilianza kwenye sherehe ya ubarikio wa kanisani. Jirani mmoja, mkulima mwenye ng'ombe wengi na sauti kubwa, alikuwa akimfanyia binti yake karamu. Alinunua kwa dada dumu zima la alizeti. Watu walikula pilau na nyama, wakaimba, wakaondoka. Kabla jua halijazama matumbo yalianza kuwasokota. Hakuna aliyelazwa, namshukuru Mungu, lakini njia ya kwenda chooni ilikuwa na foleni ndefu kuliko ya meza ya Bwana, na baadhi ya waimba kwaya waliishia kwenye shamba la mahindi.

Kila mtu kwetu anajua nyonyo inachofanya tumboni. Na kila mtu alijua ni nyumba gani yenye nyonyo na alizeti chini ya paa moja. Mwenye sherehe hakuhitaji kufikiri zaidi. Alikuja na dumu lililobakia na kulibwaga mlangoni kwa dada.

"Umetupikia mafuta ya kupaka!"

"Baba, karibu kwanza ukae."

"Sikai! Nilikaa jana mpaka miguu ikafa ganzi!"

Watu walicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomuumiza dada. Tusi analoweza kulijibu mtu ni jepesi kuliko mzaha unaopendwa na watu. Siku zilizofuata vijana wa kwenye kituo cha malori walimpigia kelele, "Mama, nipe ya kupaka, goti linaniuma!" Dereva mmoja aliyekuwa akisimama kwake tangu mwanzo alipunguza mwendo, akasikia kelele hizo, akaongeza gia.

Dada alijitetea kwa hoja ambayo mimi niliiona imetosha. "Nyonyo inachemshwa siku nzima kwa chupa mbili," aliniambia. "Alizeti nakamua asubuhi moja napata dumu. Mwizi gani anaongeza dhahabu kwenye shaba ili apate faida?" Lakini hoja haina nguvu mbele ya mtu anayekumbuka tumbo lake. Mwenye sherehe alidai mashine ifungwe kabisa. Mwenyekiti akachukua mkono na lile dumu, akaviweka ofisini, akaita kikao.

Mimi ni seremala. Shule yangu iliishia darasa la saba. Miaka ile magodoro ya sponji yalianza kuingia kwa wingi na kila nyumba ilitaka kitanda chenye kichwa kinachong'aa. Nilitumia vanishi ya magamba, vile vipande vyembamba vya rangi ya asali ambavyo maji hayawezi kuviyeyusha hata uviloweke mpaka uchoke, vinataka spiriti. Shida yake ni kwamba upepo wetu mkavu huipasua. Kitanda kinang'aa Juni, ifikapo Septemba kina nyufa kama tope la bwawa. Nilifikiri nikiilainisha kwa mafuta kidogo itakuwa na mnyumbuko, kama bibi anavyolainisha mshipi.

Nilianza na alizeti ya dada kwa kuwa ilikuwa karibu. Niliitia kwenye chupa ya spiriti, nikatikisa, nikaweka chini. Ilijitenga. Jambo lililonishangaza zaidi ni mahali ilipokwenda. Nilizoea kuona mafuta yakielea juu ya maji. Hapa yalizama, yakakaa chini, na spiriti yenye rangi ya zambarau ikabaki juu, kwa kuwa spiriti ni nyepesi kuliko mafuta. Nikajaribu nyonyo ya bibi. Nilitikisa, nikaweka chini, nikasubiri mstari utokee. Haukutokea. Mafuta yalikuwa yameingia ndani ya spiriti na kupotea, kama chumvi ndani ya maji ya moto. Vanishi niliyotengeneza kwa mchanganyiko huo haikupasuka. Kitanda cha kwanza nilichokipaka nimekilalia mpaka leo.

Wakati ule nilijua tendo tu, sikujua sababu. Niliitafuta sababu kwa miaka kadhaa, kwenye kitabu cha kemia cha sekondari kilichokuwa kimeng'oka jalada, nikisoma Kiingereza chake kwa kamusi, ukurasa mmoja kwa majuma. Sioni aibu kusema kwamba ni kazi niliyoifanya vizuri, na nitaieleza hapa kwa kadiri ninavyoielewa.

Nilikuwa nikidhani mafuta huyakimbia maji. Sivyo. Ni maji yanayoshikana. Kila molekuli ya maji, yaani kila chembe yake ndogo kabisa, ina oksijeni moja na hidrojeni mbili, na ncha zake huvutana na ncha za majirani kwa nguvu. Mafuta ya alizeti ni mikia mirefu ya kaboni na hidrojeni, na mikia hiyo haina ncha ya kushikwa. Ukiyatia kwenye maji, maji hayana ugomvi nayo. Yanaendelea kushikana yenyewe, na asiye na mkono anajikuta nje ya duara. Nimeona harusi nyingi zikiwa hivyo.

Spiriti ni mtu wa mpakani. Upande mmoja ina oksijeni na hidrojeni, mkono uleule wa maji, ndiyo maana huchanganyika na maji bila mstari wowote. Upande wa pili ina mkia mfupi wa jamii ya mafuta. Kwetu Iguguno wako watu wa namna hiyo, baba Mnyiramba na mama Mnyaturu, wanaokaa kwenye mafiga ya pande zote mbili bila mkalimani. Lakini mkia wa spiriti ni mfupi, hautoshi kuikaribisha mikia mirefu ya alizeti. Nyonyo nayo ina mikia mirefu vilevile, ila katikati ya mkia, karibu kila mmoja, umeota mkono mdogo wa oksijeni na hidrojeni. Spiriti inaushika mkono huo, inaivuta nyonyo ndani. Maji matupu hayaiwezi nyonyo, kwa sababu mkono ni mdogo na mkia ni mrefu. Ukimimina maji ndani ya spiriti iliyobeba nyonyo, maji na spiriti hushikana, na nyonyo huachwa, ikatawanyika kwa vitone visivyohesabika. Kioevu kinageuka cheupe.

Hilo la mwisho nililijua kwa macho kabla ya kulijua kwa kitabu, maana niliwahi kuosha brashi kwa maji na kuona maziwa yakitokea. Nilimwambia dada siku moja kabla ya kikao.

"Naweza kuonyesha kama kwenye dumu lile kuna nyonyo," nilisema. "Ila sijalijaribu, limefungiwa ofisini. Kama imo, itaonekana mbele ya kijiji kizima."

Alikuwa akichambua alizeti kwenye ungo. Hakuinua kichwa. "Ndiyo maana nataka ionekane."

"Na kama imo?"

"Kama imo, iliingia. Mimi sikuitia. Kitu kilichoingia kina mlango."

Kikao kilifanyika mbele ya ofisi, asubuhi. Bibi aliletewa kigoda chake. Mwenye sherehe alikaa mbele. Mke wake alikaa na wanawake wenzake upande wa kivuli. Mkono wa mashine ulionekana mlangoni. Nilipanga chupa zangu juu ya meza ya ofisi na kumsalimu mwenyekiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Sasa hii ni kesi au duka la dawa?"

"Ni kipimo, mzee. Naomba watu waone kila hatua."

Kwanza nilichanganya spiriti na maji matupu, kwa sababu ikiwa spiriti yenyewe inageuka nyeupe kipimo hakina maana. Ilibaki angavu. Kisha nikachukua chupa tatu zenye spiriti. Ya kwanza nikatia alizeti niliyoitoa nyumbani kwa dada, ya pili nyonyo ya bibi, ya tatu mafuta ya dumu la sherehe ambalo mwenyekiti mwenyewe alilifungua. Nikatikisa, nikaweka chini, tukasubiri.

"Mafuta yamezama!" mtu alipiga kelele. "Uchawi wa seremala huo!"

"Ni uzito," nilisema. "Spiriti ni nyepesi."

Chupa ya nyonyo haikuwa na mstari. Bibi alinyoosha shingo, akatazama, akawageukia wanawake. "Mnaona? Yangu yamekubali. Ya mkwe wangu yamekaa chini kama mgeni asiyejua kusalimia." Watu wakacheka, na dada pia akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu mkono uchukuliwe.

Chupa ya sherehe ilikuwa na mstari, kama ya alizeti. Wengine walianza kusema neno limeisha. Kwangu lilikuwa halijaisha. Kama nyonyo ilikuwa kidogo, ingekuwa imepanda kwenye spiriti iliyo juu, na alizeti ingebaki chini, na jicho lisingejua. Nilichukua gilasi tatu, nikamimina spiriti ya juu kutoka kila chupa, nikaongeza maji. Gilasi ya alizeti ilipata ukungu hafifu, kama pumzi kwenye kioo. Ya nyonyo ikawa maziwa. Gilasi ya sherehe niliitia maji taratibu, nikitamani ibaki kama ya kwanza. Ilibadilika polepole, ikawa nyeupe kama maji ya kuoshea mchele.

Mwenye sherehe alisimama. "Imo! Ndugu yake mwenyewe ameionyesha! Mwenyekiti, huo mkono uuzwe kama chuma chakavu!"

Nilimtazama dada. Nilikuwa nimethibitisha kosa mbele ya kijiji, kwa chupa zangu, kwa uangalifu wangu wote, na mashine ilikuwa karibu kupotea. Dada alisimama, akakaza kanga yake kiunoni.

"Fundi amesema kweli," alisema. "Nyonyo imo. Nilipouza dumu lile haikuwemo. Nilimimina mbele yako, baba, na ulionja kwa kidole. Sasa tuulize ilipitia mlango gani." Akamgeukia bibi. "Mama, siku ya ubarikio mimi nilikwenda Misigiri tangu alfajiri kupeleka mzigo. Kuna mtu alikuja kukuomba alizeti?"

"Alizeti?" Bibi alifikiri. "Hapana. Hakuna aliyeniomba alizeti."

"Mmesikia!" alisema mwenye sherehe.

 Dada alibaki akimtazama mama mkwe wake. Nilijua uso ule. Ndio aliokuwa nao akiinua chupa juani kuangalia kama kuna tone. Kisha akauliza tena, akibadilisha neno moja tu.

"Na mafuta je, mama? Kuna aliyekuomba mafuta?"

"Aaa, mafuta! Mafuta nilimpa huyu." Bibi alinyoosha fimbo yake kwenye kivuli, moja kwa moja kwa mke wa mwenye sherehe. "Alinisalimu vizuri, akasema, bibi, mafuta yametupungukia. Nikampa chupa nzima. Nikajua anataka kumpaka binti yake ang'ae kanisani."

Wote tulimgeukia. Yule mama alijifunika uso kwa kanga, na mabega yake yakaanza kutikisika; mwanzoni nilidhani analia.

"Nilimimina kwenye dumu," alisema, sauti ikikatika kwa kicheko na aibu pamoja. "Nikakoroga. Niliona mazito kidogo, nikasema labda ndiyo ya chini yaliyotulia."

"Mke wangu! Kwa nini hukusema?"

"Uliuliza nani ametuuzia. Hukuuliza nani ametupa."

Mwenyekiti aliinama juu ya meza mpaka kofia ikaanguka. Alipoinuka macho yake yalikuwa na machozi. "Basi," alisema, "kosa ni la neno, na neno hatuwezi kulifungia ofisini. Baba mwenye sherehe, una la kusema?"

Mwenye sherehe alikuwa mtu mkali lakini hakuwa mtu mbaya. Alisimama, akatazama gilasi zangu, akavua kofia. "Mama," alimwambia dada, "nilikulaumu mbele ya watu, nakuomba radhi mbele ya watu. Na shikamoo bibi. Mafuta yako ni mazuri sana. Yanafanya kazi."

"Marahaba," alijibu bibi kwa utulivu. "Siku nyingine yapakeni."

Nilitaka kumbebea dada ule mkono wa mashine. Ulikuwa mzito, na mimi ndiye mwanamume. Alinisogeza pembeni. Aliuinua mwenyewe, akauweka begani, akatoka nao ofisini. Kulikuwa na njia fupi ya uani kwenda kwake, lakini yeye alishika barabara kuu, ile inayopita kituo cha malori. Nilimfuata nyuma na sanduku la chupa zangu. Nimewahi kutengeneza madhabahu na milango ya shule, na sijawahi kutembea na fahari kama ile.

Vijana wa kituoni walimwona akija na bomba la chuma begani. Walisogea kumpisha. Mmoja, aliyekuwa na mdomo mrefu kuliko wenzake, alishindwa kujizuia, lakini safari hii alitanguliza salamu.

"Shikamoo mama. Mafuta yapo?"

Dada alisimama. Hakushusha mkono begani.

"Mafuta gani?"

Kijana alisitasita. "Ya... ya kula, mama. Ya alizeti."

"Ya alizeti yapo. Njoo jioni, yatakuwa yametulia."

Alifika nyumbani, akaingiza mkono kwenye tundu lake, akagonga pini kwa jiwe. Bibi alikuwa bado njiani na fimbo yake tulipoanza kusikia alizeti ikipondeka.